Jeni Zilizorudi Kulala

Daktari Felista Mwazembe hakumkaribisha mgeni wake kiti. Alimshika Inspekta Loisi Nzowa mkono, akampeleka moja kwa moja mbele ya kompyuta iliyokuwa kwenye kona ya maabara yake mjini Vwawa, akagusa kioo kwa kucha.

"Huu ndio wizi niliokuitia," alisema. "Hapa hapa unaonekana."

Loisi aliona safu za vitone, vingine vya kijani, vingine vyekundu. Kwa miaka aliyokaa upelelezi mkoani Songwe alikuwa ameshaonyeshwa damu, nyayo, vyuma vya magari na dhahabu bandia kutoka Mkwajuni. Vitone hakuwahi kuonyeshwa. Alivua kofia, akavuta kiti mwenyewe, akakaa.

"Nieleze kama unavyomweleza mgonjwa."

"Mgonjwa namwambia hivi. Kila seli ya mwili wako ina jeni zilezile, iwe ya jicho au ya ini. Kinachozitofautisha ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Kwenye koo la chakula kuna jeni moja tunaiita mlinzi. Kazi yake ni kuzuia seli zisizaliane ovyo. Kwa wagonjwa wa mradi huu, mlinzi hajafa. Amezimwa tu. Vijipande vya kemikali vimemng'ang'ania, seli inashindwa kumsoma, na saratani inapata nafasi. Kidonge chetu kinavibandua vile vijipande. Mlinzi anaamka, uvimbe unaanza kusinyaa."

"Na aliamka?"

"Kwa wote. Wa hapa Vwawa na wa kliniki yetu ya Tunduma." Felista alishusha kidole kwenye nusu ya chini ya kioo, iliyojaa wekundu. "Halafu wa Tunduma wakarudi kulala. Karibu wote kwa mpigo mmoja, kama mtu amezima swichi kuu ya nyumba."

"Ugonjwa hauwezi kuizoea dawa?"

"Unaweza. Lakini utamzoea huyu leo, na yule baada ya miezi. Haiwezi kuwa kliniki nzima kwa pamoja. Na kuna jambo jingine. Dawa hii huacha alama hata kwenye seli za damu ambazo hazina ugonjwa wowote. Kwa watu wa Tunduma, alama hiyo imefutika. Hawamezi dawa yangu, Inspekta. Wanameza kitu kingine."

Loisi aliuliza swali alilolichukia kila mara. "Nani ameshaumia?"

"Mzee Yonathani Silwimba, wa Msangano. Alikuwa ameshaanza kula ugali tena. Ghafla koo likafunga. Tumemzika, na mimi kwa mkono wangu niliandika kuwa dawa imemshinda." Daktari aligusa tena wekundu wa kioo. "Waliobaki bado wana nguvu. Wakirudishiwa dawa ya kweli wiki hii, nina hakika na wengi wao. Nikichelewa, sina."

"Umesema karibu wote."

"Ndiyo. Mmoja yuko macho. Mama Enesi Simkoko, wa Mpemba. Anahudhuria kliniki ileile, lakini mlinzi wake hajalala hata siku moja. Sijui kwa nini."

Loisi alisimama, akavaa kofia. Alikuwa anatabasamu.

"Basi tunaanza na huyo. Ukitaka kujua nyoka aliingilia wapi, muulize ambaye hakuumwa. Na wagonjwa waliopimwa wakakataliwa kwenye mradi je? Majina yao unayo?"

"Sampuli huja kwangu na namba. Majina yanabaki Tunduma, ndiyo utaratibu."

"Utaratibu mzuri. Kwa mwizi pia."

Felista alimpa chupa moja ya vidonge ambayo haijafunguliwa. Alikuwa ameichukua jana yake kwa Jofrey, fundi pikipiki wa Tunduma na mmoja wa wagonjwa. Loisi aliitia mfukoni, akatoka.

*

Mama Enesi alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya mwanawe, malori ya Zambia yakinguruma upande wa pili wa ua, akichambua maharage. Miguu yake ilikuwa imevimba. Loisi alimwamkia shikamoo, akachutama, akaanza kuchambua naye. Koplo Clever Sichone, msaidizi wake, alibaki amesimama kwa kukosa pa kujiweka.

"Vidonge vinakwendaje, mama?"

"Vinanitesa, mwanangu. Nikimeza tu, moyo unachafuka mpaka jioni. Wenzangu wa kliniki walishapona kichefuchefu zamani, wanameza kama pipi. Wananiambia mimi sina imani."

Clever alimtazama bosi wake. Loisi hakuinua macho kwenye ungo.

"Wao walipona lini?"

"Baada ya Pasaka. Wote walifurahi, tukaimba. Mimi nikaimba huku natapika."

"Chupa zako unachukulia wapi?"

"Yonasi dereva ananiachia hapa hapa. Tangu miguu ianze kuvimba siwezi kusimama foleni. Akitoka Vwawa lazima apite hapa kabla ya kufika Tunduma. Anafungua boksi mbele yangu, anachomoa chupa yoyote, ananipa, anafunga, anaondoka. Hazina majina. Majina wanabandika kulekule kliniki."

Loisi aliomba chupa ya mwezi huo. Ilikuwa bado mpya. Alifungua kifuniko, akatazama karatasi ngumu ya kung'aa inayoziba mdomo. Ilikuwa laini kama maji yaliyotulia. Kisha akafungua chupa ya Jofrey, akaziweka sambamba juani.

"Tazama hii ya Jofrey, Clever. Unaona nini?"

Koplo aliinama. "Vimraba. Vidogo sana. Kama... kama kitambaa."

"Ni kitambaa. Mtu ameibandua hii karatasi, akabadilisha vidonge, kisha akaibandika tena kwa pasi ya moto, na kitambaa katikati ili isiungue. Nyuzi zimeacha alama."

"Basi ni dereva, afande. Boksi lote liko mikononi mwake."

"Angekuwa dereva, na Mama Enesi angepata bandia. Anachomoa chupa yoyote, mbele ya macho yake, na kila mwezi inakuwa ya kweli. Maana yake boksi likifika hapa bado ni safi."

"Kutoka hapa mpaka Tunduma bado kuna barabara."

"Ipo. Lakini boksi zima la chupa, moja moja, kwa pasi, ndani ya gari, kabla kliniki haijaita mgonjwa wa kwanza? Hapana. Hii ni kazi ya mtu aliyetulia, mwenye umeme, na mwenye siku nzima ya kufanya atakavyo. Chupa zilibadilishwa baada ya kufika." Alimrudishia Mama Enesi chupa yake kwa mikono miwili. "Endelea kutapika, mama yangu. Wewe ndiye mzima."

*

Kituoni Tunduma walimkuta Edson. Clever alikuwa amemkamata tangu asubuhi kwa kumshuku anauza dawa ya mradi, na ingawa hakusema, alikuwa bado anajivunia. Edson aliuza dawa kwenye kibanda kilichotazamana na Nakonde, upande wake wa mbele ukiwa Tanzania na choo chake, kwa maneno ya jirani zake, kikiwa Zambia. Hakuna kidonge kilichovuka mpaka ule kwa njia za panya bila yeye kukisikia.

"Mulishani, mukwai," alimsalimu Inspekta kwa Kibemba, kwa mazoea ya biashara.

"Bwino. Sasa tuongee Kiswahili." Loisi aliweka mezani kidonge halisi alichopewa na Daktari Felista. Kilikuwa cha rangi ya zambarau, kirefu, na kigumu kusahaulika. "Hiki umekiona?"

Edson alikigeuza, akakinusa, akakirudisha.

"Sijakiona. Na ningekiona nisingekinunua."

"Kwa nini? Ni dawa ya saratani. Watu wangetoa chochote."

"Afande, mimi nauza kinachoulizwa. Mtu anakuja, anasema nipe ya malaria, nipe ya kisukari, ametumwa jina. Hiki kina jina gani? Kinaulizwa na nani? Ni dawa ya majaribio, hata boksi lake halina chapa. Nikienda Nakonde na hiki mkononi, wataniuliza kinatibu nini, nitasema sijui. Watanicheka mpaka nirudi." Aliegemea kiti. "Aliyekichukua hiki hajakipeleka sokoni. Hiki ni cha kumezwa."

Clever alitaka kuingilia. Loisi alimzuia kwa kiganja.

"Mwachie," alisema.

"Afande?"

"Ana makosa yake mengine, tutayafuata siku nyingine na anajua. Kwenye hili anasema kweli. Tulikuwa tunatafuta mfanyabiashara. Sasa tunamtafuta mtu mwenye mgonjwa nyumbani."

*

Kliniki ya mradi ilikuwa nyumba fupi nyuma ya soko, na funguo za stoo ya dawa zilikuwa kwa watu wawili tu. Muuguzi Brenda Siame alihojiwa kwanza. Alijibu kwa mkato, akikunjakunja pindo la gauni lake jeupe.

"Wagonjwa walikwambia kichefuchefu kimekwisha?"

"Walisema."

"Ukaripoti Vwawa?"

"Hapana. Nilidhani wamezoea. Nilifurahi kwa ajili yao." Macho yalimjaa. "Nilipaswa kuripoti, si ndiyo?"

"Ndiyo," Loisi alisema. "Ulipaswa."

Nje ya mlango, Clever alimnong'oneza: "Huyu ana hofu, afande."

"Ana hofu ya kosa alilolifanya. Tuone mwenzake ana hofu ya nini."

Mfamasia Efraimu Kibona hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa mwanamume mtaratibu, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Aliwapa viti, akaeleza mzunguko wa dawa bila kuulizwa mara mbili. Kuhusu matokeo ya maabara ya Vwawa alikuwa na maelezo tayari.

"Saratani ni mjanja, Inspekta. Mlango huu ukifunguliwa, inajifunza kuufunga tena. Vitabu vimejaa mifano."

"Kwa wagonjwa wote, kwa wakati mmoja?"

"Inatokea."

Daktari Felista alikuwa amesema haitokei. Loisi aliitikia kwa kichwa kama aliyeridhika, akamshukuru. Pale chupa za bandia zilipotengenezwa palihitaji vidonge vinavyofanana na vya kweli, subira na pasi. Wote wawili wangeweza kuvipata. Kuwauliza zaidi kungempa mwenye hatia muda wa kusafisha nyumba yake. Alichohitaji ni mmoja wao aonyeshe kwa miguu yake mwenyewe mahali dawa ilipo.

Alitoka uani, akampigia Felista simu fupi, wakakubaliana. Kisha akamwagiza Clever akabadili nguo, achukue pikipiki ya kituo isiyo na maandishi, asubiri ng'ambo ya barabara. Ndipo akarudi ndani, akawaita wote wawili pamoja, akabadili sura.

"Nimepata taarifa mbaya kutoka Vwawa. Vidonge vya shehena hii ya mwisho vimeharibika kiwandani. Kimoja tu kinaweza kusimamisha moyo. Kuanzia dakika hii hakuna anayemeza."

Brenda alipiga kelele. Kabla Loisi hajamaliza sentensi, alikuwa ameshachomoa simu. "Jofrey? Jofrey, usimeze! Umesikia? Usimeze, njoo hapa upesi! Mwambie na mama Nesta!" Alikata, akapiga nyingine, akakata, akapiga nyingine, machozi yakimdondokea kwenye kioo cha simu.

Efraimu naye alitoa simu. Alipiga namba moja. Haikupokelewa. Akapiga ileile tena. Akaipiga tena. Hakuuliza habari ya mgonjwa hata mmoja.

Kwa nini aulize? Alijua fika wao wanameza kitu kingine.

"Natoka mara moja," alisema huku akitia simu mfukoni. "Niangalie... niangalie jokofu la nje."

Kliniki ile haikuwa na jokofu la nje. Loisi alimpisha mlangoni.

*

Bodaboda ilimfikisha Efraimu kwenye nyumba ya tofali za kuchoma, juu ya mtaa, pale malori yanapoanza kuonekana madogo. Clever alikuwa nyuma yake hatua chache, na Loisi kwenye gari nyuma ya Clever. Mfamasia hakulipa nauli wala kugeuka. Aliuparamia mlango kwa bega.

Ndani, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitenge mpaka kifuani alikuwa ameketi kwenye kochi, kikombe cha uji mkono mmoja na kidonge cha zambarau kwenye kiganja cha pili. Simu yake ilikuwa inachaji chumbani, imezimwa sauti.

"Rozi! Kitupe! Kitupe!"

Alimpiga kiganja. Kidonge kiliruka, kikagonga ukuta, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Inspekta Loisi, aliyekuwa amesimama kizingitini. Aliinama, akakiokota kwa kitambaa.

"Hakina sumu, Efraimu," alisema. "Ni kizima kabisa. Ndiyo maana niko hapa."

Efraimu alibaki ameinua mkono. Alimtazama Loisi, akakitazama kidonge, kisha akaketi sakafuni taratibu, mgongo kwenye kochi. Hakukana. Clever alipita chumbani, akarudi na pasi ya umeme, kipande cha kanga kilichoungua pembeni, na mfuko wa vitamini. Aliviweka mezani kimoja kimoja.

"Walimkataa," Efraimu alisema. "Mimi ndiye niliyempa namba. Kumi na nne. Majibu yakarudi: hafai. Dawa iko stooni kwangu, naigusa kila siku, naigawa kwa watu nisiowajua, halafu mke wangu hafai! Wewe ungefanyaje?"

Loisi alipiga simu, akaiweka mezani kwa sauti ya juu. "Daktari, uko njiani?"

"Naingia Mpemba sasa, na chupa mpya za wote."

"Namba kumi na nne. Unaikumbuka?"

Injini ya gari ilisikika, kisha sauti ya Felista, iliyotulia.

"Naikumbuka vizuri. Ni mwanamke. Ndiye wa kwanza tuliyemkataa. Nani yuko hapo?"

"Ni mimi," Rozi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea, na sauti yake ilikwaruza kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. "Namba kumi na nne ni mimi?"

"Pole sana, dada. Nisikilize. Kwa wenzako ile jeni mlinzi imezimwa, kwa hiyo inawezekana kuiwasha. Kwako haijazimwa. Imekatika, kipande chake hakipo. Dawa yetu haina cha kuamsha. Ungeimeza miaka kumi, ingekupa kichefuchefu tu. Ndiyo maana nilituma majibu kwamba usicheleweshwe, upelekwe Dar es Salaam kwa mionzi wiki ileile. Uvimbe wako ulikuwa mdogo. Ulikwenda?"

Rozi aligeuka polepole, akamtazama mumewe utosini.

"Mionzi? Hakuna mtu aliyeniambia habari ya mionzi."

"Nilisoma neno moja tu," Efraimu alisema akiwa ameinamisha uso. "Hafai. Sikusoma chini yake. Nilidhani ni njia ya kutuondoa."

"Aje kesho asubuhi," Felista alisema. "Tumpime upya, tuone pamefika wapi. Sikuahidi, dada, lakini mlango haujafungwa. Aje tu."

Loisi alikata simu. Kwake kesi ilikuwa imekwisha: alikuwa na pasi, alikuwa na kitambaa, alikuwa na maneno ya mtuhumiwa mwenyewe, na damu ya Rozi ingebeba alama ya dawa ambayo damu za wagonjwa halali ziliipoteza. Hakuna wakili wa kuivunja kesi hiyo. Alimwashiria Clever atoe pingu.

"Subiri, dada," Rozi alimwambia Inspekta. Aliweka kikombe chini. "Hivi nilivyokuwa nameza. Alisema vimetolewa kwa ajili ya familia za wafanyakazi. Vilikuwa vya nani?"

Efraimu alikaza macho sakafuni.

"Mjibu," Loisi alimwambia.

"Vya Jofrey," alisema hatimaye. "Vya mama Nesta. Vya... vya watu wa kliniki."

"Na Mzee Yonathani?" Rozi aliuliza.

"Na vyake."

"Yuko wapi Mzee Yonathani? Mbona siku hizi huniambii habari zake?"

Mwanamume aligeuzia uso ukutani. Loisi alijibu kwa niaba yake.

"Amefariki, mama. Amezikwa Msangano."

Rozi alishika mkono wa kochi, akasimama kwa shida. Clever alisogea kumsaidia, yeye akamkatalia kwa kidole. Aliingia chumbani akijishika ukutani. Walilisikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni, mfuniko ukigonga kitanda. Alirudi amekumbatia chupa kifuani, zenye vidonge na zilizokwisha, akazimwaga mikononi mwa Inspekta.

"Wapelekeeni wenyewe."

"Watapata vipya, gari la daktari linaingia sasa hivi. Hizi ni ushahidi."

"Basi ziwe ushahidi." Alimgeukia mumewe, aliyekuwa amesimamishwa, mikono nyuma, pingu zimeshafungwa. Alimtazama kwa muda, kisha akamwekea sawa kola ya shati iliyokuwa imepinda.

"Utaulizwa mahakamani kwa nini ulifanya hivi," alisema. "Usiseme ni kwa ajili yangu, Efraimu. Jina langu usilitaje."